George Bush wa Puget Sound: shamba lililokaa miaka 10 bila hati

Kazi yangu ni kusoma sheria za ardhi za Marekani ya karne ya 19. Sheria nyingi za aina hii husema "kila mlowezi" au "kila raia", kisha zinaendelea kupima ekari. Lakini Februari 1855 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kwa ajili ya mkulima mmoja, likamtaja kwa jina: George Bush. Ilimthibitishia ekari 640 ambazo yeye na mkewe walikuwa wakizilima tangu 1845. Nataka nieleze kwa nini mtu huyu alihitaji sheria yake peke yake.

Bush alizaliwa Pennsylvania mwishoni mwa karne ya 18, baba mwenye asili ya Kiafrika, mama Mwairishi. Alizaliwa mtu huru, hakuwahi kuwa mtumwa. Ujanani alizunguka magharibi katika biashara ya ngozi za wanyama, akazijua njia ambazo walowezi wengi walikuja kuzisikia miaka mingi baadaye. Kisha akatulia Missouri, akafuga ng'ombe na kupata mali. Mwaka 1831 alimwoa Isabella James, mwanamke wa asili ya Kijerumani, na kufikia 1844 walikuwa na watoto watano, wote wa kiume.

Missouri lilikuwa jimbo la utumwa. Mali haikumpa baba mweusi usalama wowote pale, na nadhani yeyote mwenye watoto ataelewa kwa nini mtu mwenye mifugo na pesa alikubali kuanza upya katika umri ule. Mwaka huo wa 1844 familia ilipakia vitu vyake kwenye magari ya kukokotwa na maksai, ikashika Njia ya Oregon, njia ya walowezi kwenda magharibi, pamoja na rafiki yao Michael Simmons na familia nyingine. Safari ni ya kilomita zaidi ya 3,000. Baadhi ya wenzao hawakuwa na uwezo wa kujinunulia mahitaji ya safari, Bush akawasaidia kwa fedha zake. John Minto, aliyesafiri katika msafara uleule, alikumbuka kwamba Bush alimwambia njiani kuwa ataangalia kwanza watu weusi wanatendewaje Oregon. Wasipopewa haki za mtu huru, ataomba hifadhi kwa serikali ya Mexico.

Wakati maksai wao wakiwa bado njiani, serikali ya muda ya Oregon ilishatoa jibu. Sheria ya Juni 1844 iliwataka wanaume weusi waondoke ndani ya miaka miwili, wanawake ndani ya mitatu. Atakayebaki angechapwa viboko visivyopungua 20 na visivyozidi 39, na adhabu ingerudiwa kila miezi sita hadi aondoke. Viboko viliondolewa kwenye sheria Desemba mwaka huohuo, lakini maana ilikuwa imeeleweka.

Hapo ndipo urafiki wa safarini ulipopimwa. Simmons na wenzake wangeweza kubaki kusini, kwenye bonde zuri la Willamette, wakamwacha Bush ajitafutie pa kwenda. Badala yake, mwaka 1845 familia tano zilivuka Mto Columbia kwenda kaskazini, mahali ambapo Waingereza na Wamarekani walikuwa bado wanagombania na sheria ya Oregon haikuwa na nguvu. Wakajenga penye maporomoko ya Mto Deschutes, kwenye ncha ya kusini ya Puget Sound, mkono wa bahari ulio katika jimbo la leo la Washington, panapoitwa leo Tumwater. Shamba la Bush likaitwa Bush Prairie.

Lakini mwaka uliofuata mpaka ulimfuata alikokimbilia. Kwa mkataba wa Juni 1846 kati ya Marekani na Uingereza, mpaka ulichorwa kwenye latitudo ya 49, na shamba lake likajikuta ndani ya Marekani. Kisha ikaja sheria ya 1850 ya kugawa ardhi Oregon: wanandoa waliofika mapema walipewa ekari 640, mradi mume awe mzungu au chotara wa mzungu na mwenyeji wa asili wa Marekani. Bush hakuhesabiwa. Kisheria, mkulima aliyetangulia kuliko karibu wote alikuwa anaishi juu ya ardhi isiyo yake.

Mwaka 1852 chakula kilipokuwa haba, walanguzi walitaka kununua ngano yake yote kwa bei kubwa. Alikataa. Aliwawekea majirani na wageni waliokuwa wakiingia, wale na wapate mbegu. Kwa hiyo bunge la kwanza la eneo jipya la Washington, lililojumuisha shamba lake, lilipokutana Olympia mwaka 1854, waliomwombea hati mbele ya serikali ya Marekani walikuwa watu waliomjua kwa shibe yao wenyewe.

Kuna karatasi nyingine ambayo siwezi kuiacha. Desemba 26, 1854, majuma machache kabla ya hati ya Bush kupitishwa, Wanisqually, wenyeji wa asili wa pale, na majirani zao walitia alama kwenye Mkataba wa Medicine Creek, wakapoteza karibu ardhi yao yote. Wanisqually walitengewa ekari 1,280: kabila zima lilipewa mara mbili tu ya shamba la familia moja. Bush alikuwa akiishi nao vizuri. Mtoto wake wa sita, aliyezaliwa huko mwaka 1847, alimwita Lewis Nesqually. Lakini ekari alizothibitishiwa zilitoka kwenye ardhi ileile.

Bush alifariki Aprili 1863 bila kuwahi kupiga kura. Mwanawe mkubwa, William Owen, aliendeleza shamba, na ngano yake ikapata tuzo kwenye maonyesho ya Philadelphia ya 1876. Washington ilipokuwa jimbo mwaka 1889, yeye alikuwa mmoja wa wabunge wake wa kwanza.