Kalafati Si Ukarabati, na Boti ya Faiba Haikalafatiwi

Nimelisikia tena neno kalafati likitumiwa vibaya pale dikoni. Kijana mmoja, mwenye boti ya faiba ya futi 19 aliyoinunua ikiwa kuukuu, anamwambia mwenzake: “Hii nimeshaikalafati, haina neno.” Nikainama nikatazama. Ubao wa nyuma, ule unaobeba mashine, ulikuwa umepasuka ngozi yake ya faiba kando ya boliti, na ufa umejazwa lile dongo la kunyooshea mabodi ya magari, ukapigwa msasa, ukapakwa rangi nyeupe. Nilipoushika mguu wa mashine nikauvuta kidogo, ubao mzima ukapumua: ukaingia, ukatoka, na maji ya rangi ya chai yakachuruzika kutoka tundu la chini la kutolea maji. Kijana amefanya kazi kwa bidii na nia njema. Ila hakukalafati kitu, na boti ile haikuhitaji kukalafatiwa.

Kalafati ni pamba iliyosokotwa, ikachovywa mafuta ya nazi au sifa ya papa, ikapigwa kwa patasi butu na nyundo katika mwanya ulio kati ya mbao mbili za chombo ili maji yasipite. Kukalafati ni kuifanya kazi hiyo. Maana ni hiyo tu. Hata deheni, ile chokaa iliyochanganywa na mafuta ya wanyama inayopakwa chini ya chombo, ina jina lake na haiitwi kalafati, ingawa kazi hizo mbili hufuatana na mara nyingi fundi ni yuleyule.

Neno lenyewe ni kubwa kuliko tunavyolidhania, ndiyo maana linaniuma likitupwatupwa. Ukifika Lisbon, fundi wa kazi hii ni calafate. Waitalia wana calafatare, Wafaransa calfater, Waturuki kalafat, Waarabu qalfata. Wagiriki wa Konstantinopoli walimwita fundi huyo kalaphates, na mmoja wa watawala wao, Mikaeli wa Tano, aliyekaa kitini miezi michache tu kati ya 1041 na 1042, amebaki katika historia kwa lakabu hiyo kwa sababu baba yake alikuwa fundi wa kukalafati kabla ya kupanda cheo na kupewa jeshi la majini. Mtoto wa fundi wa pwani akavaa taji, na watu wa mji wakaendelea kumwita kwa patasi na nyundo ya baba yake.

Juu ya chimbuko lake wanazuoni wanavutana. Wapo wanaolirudisha kwenye kitenzi cha Kilatini cha kupasha moto, kwa kuwa lami ya kuzibia mashua ilikuwa ikichemshwa kwanza. Wapo wanaolirudisha kwenye Kiarabu, kitenzi qalafa, ambacho kamusi za kale hukieleza kuwa ni kushona mbao za chombo kwa nyuzi za mtende na kutia lami katika nafasi zinazobaki. Mimi moyo wangu uko kwa hawa wa pili, na kinachonivuta ni Ghuba: Kuwait na Bahrain mjenzi wa majahazi huitwa qallaf, na zipo koo zinazobeba jina la Al-Qallaf mpaka leo. Tena hiyo habari ya kushona mbao si ngeni kwetu. Mtepe, chombo cha kale cha visiwa vya Lamu, ulishonwa kwa kamba za nazi, bila msumari. Kama sisi tulilipokea neno kwa Waarabu au kwa Wareno, sauti yake haitoshi kuamua, maana wote wawili walipita Lamu, Mombasa na Unguja, na wote wawili walikuwa na vyombo vinavyovuja.

Lakini tazama kinachobaki palepale katika safari yote hiyo. Kiini cha neno hili katika lugha hizo ni jambo moja: mbao mbili, mwanya kati yake, nyuzi ndani ya mwanya. Pasipo mbao mbili hakuna kalafati. Boti ya faiba haina mbao mbili za nje zinazokutana. Ina ganda lililotandazwa ndani ya kalibu, yaani umbo la kufinyangia, likagandia humo kama bakuli.

Nadhani kosa linaletwa na jirani yake wa sauti, karabati. Ukilitamka haraka, na hasa kwa watu wanaobadilishana l na r, kalafati na karabati yanakaribiana mno. Mtu anasikia fundi wa Nungwi au wa Matondoni anasema “naikalafati mashua”, naye anaelewa “naikarabati”. Kisha anaenda nalo kwenye boti ya faiba, kwenye tangi la maji, hata kwenye bati la nyumba. Karabati ni neno pana: kutengeneza kilichoharibika kirudi katika hali nzuri, kiwe nyumba, barabara au chombo. Kukalafati ni kazi moja ndani ya ukarabati wa chombo cha mbao. Kila anayekalafati mashua yake kuukuu anaikarabati, lakini wengi wanaokarabati hawajawahi kushika patasi ya kalafati.

Mtu atasema haya ni mambo ya maneno tu. Sikubali, kwa sababu neno linambeba mtu hadi kwenye kazi. Aliyezoea kusema “kukalafati” mwishowe ataishika pamba. Nimeshaiona boti ya faiba iliyofanyiwa hivyohivyo na fundi wa kulipwa: pamba imepigwa nyundo ndani ya ufa wa ubao wa nyuma. Nyundo ilikuwa imeachanisha matabaka ya faiba pande zote mbili za ufa, na pamba yenyewe ikawa kama utambi wa kandili, inavuta maji kutoka nje na kuyapeleka kwenye mbao ya ndani mchana na usiku. Mwenye boti alilipa kwa kazi iliyoharakisha kuoza kwa kile alichotaka kukiokoa.

Tofauti iko kwenye maji. Mashua ya mbao imejengwa ili ilowe. Mbao ikinywa maji inavimba, na inapovimba inaibana pamba, na pamba ikibanwa ndipo mwanya unapofungika. Ndiyo maana mashua iliyokaa muda mrefu nchi kavu huvuja siku ya kwanza ikirudishwa baharini, ukaifua maji kutwa, na siku ya pili au ya tatu imetulia yenyewe. Fundi wa mbao anayajua maji kama mshirika wake. Katika boti ya faiba ni kinyume kabisa: mbao iliyo ndani haikukusudiwa kulowa hata tone. Ikilowa, haina pa kukaukia.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo wenye boti wengi hawalijui mpaka siku ya msiba. Boti ya faiba ina mbao. Faiba ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini, gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu. Jina lenyewe ni la nyuzi, na kampuni ya Owens-Corning ya Marekani ililisajili Fiberglas, kwa s moja, kuwa alama yake ya biashara. Mnamo 1942 huko Ohio, Ray Greene alitengeneza boti ndogo kwa nyuzi hizo na resini ya poliesta, na baada ya vita ujenzi wa namna hii ukaenea duniani. Ganda la faiba ni gumu lakini hupinda likiwa jembamba, na kulifanya nene kote ni ghali na ni zito. Kwa hiyo wajenzi wakaweka plaiwudi ndani ya ubao wa nyuma, wakaweka mihimili ya mbao kutoka mbele hadi nyuma chini ya sakafu, na sakafu yenyewe mara nyingi ni plaiwudi iliyofunikwa faiba nyembamba juu. Boti nyingi za miaka ya 1970 na 1980 ziko hivyo. Faiba haiozi, ni kweli. Kinachoipa nguvu ndicho kinachooza.

Maji huingia kwa matundu: boliti za mashine, skurubu za ngazi, tundu la kutolea maji, popote palipotobolewa bila kuzibwa vizuri kuta za tundu. Kuvu wa kuozesha wanataka mbao, hewa na unyevu. Mbao ikikaa na unyevu chini ya asilimia 20 hivi haiozi. Tena maji mabaya zaidi ni ya mvua. Chumvi huwazuia kuvu, ndiyo maana watu wa vyombo vya mbao hupenda kuosha sitaha kwa maji ya bahari. Boti iliyoegeshwa uani bila turubai msimu mzima wa masika inaweza kuoza kuliko iliyokuwa kazini baharini.

Ukitaka kujua hali ya boti yako, igonge kwa mpini wa nyundo, shibiri kwa shibiri. Mbao nzima hujibu kwa sauti kavu na kali. Penye kuoza sauti ni nzito na butu, kama umegonga gunia. Kisha toboa tundu dogo upande wa ndani, chini, pale panaposhuka maji, na uyatazame machicha yanayotoka na keekee. Yakiwa meupe na makavu, ziba tundu ushukuru. Yakitoka meusi, yanalowesha vidole na kunuka kama udongo wa mtaroni, kazi ipo.

Kazi yenyewe haifanani na kalafati hata kidogo. Unaondoa mashine. Unakata ngozi ya ndani kwa grenda, ukiacha ukingo wa sentimita tano hivi pembeni, na ngozi ya nje unaiacha iwe kalibu yako. Vaa barakoa na miwani na mikono mirefu, maana vumbi la kioo huwasha siku tatu na halina faida kifuani. Mbao ya ndani utaikuta imekuwa kama mkate uliolowa chai. Sehemu nyingine inatoka kwa kijiko, nyingine imeshika bado na inataka patasi. Toa yote, hata ile inayoonekana nzima lakini imebadilika rangi. Wapo wanaotoboa matundu na kumimina resini ndani wakitumai italowa kwenye mbao iliyooza. Mbao iliyojaa maji hainywi resini.

Kisha unaacha pakauke kwelikweli, unaparuza faiba ya zamani mpaka ing'ae upya, unakata plaiwudi ya baharini, ile ambayo gundi yake haiyeyuki kwa maji. Mbili za milimita 18 zikigandishwa pamoja zinatosha boti nyingi za ukubwa huu. Unaipaka resini pande zote na hasa kingo, kwa kuwa kingo ndizo zinazonywa. Unailaza kwenye resini iliyofanywa nzito, unaibana kwa jiriwa, unajaza kona za ndani ziwe mviringo ili kitambaa cha kioo kisivunjike kwenye pembe, na unafunika kwa matabaka, kila moja likivuka lililo chini yake. Faiba mpya ikiungana na ya zamani, ukingo unanolewa uwe mteremko mrefu, urefu wake mara kumi na mbili ya unene wa faiba. Resini ya epoksi hushika faiba ya zamani kuliko ile ya poliesta. Ukitumia poliesta, hadena, ile dawa ya kuigandisha, ni kati ya asilimia 1 na 2, na kwa jua letu la saa sita punguza, la sivyo itaganda kwenye kopo kabla hujapiga brashi ya pili.

Na matundu ya boliti: toboa makubwa kuliko boliti, yajaze epoksi nzito, iache igande, kisha toboa tena katikati ya epoksi kwa kipimo cha boliti. Boliti sasa inapita ndani ya bomba la epoksi na haigusi mbao. Hili ndilo nililomwonyesha yule kijana kwa muda mrefu zaidi, nikichora kwa kijiti mchangani, kwa sababu boti yake ilianza kuoza palepale.

Alisikiliza vizuri. Akaniuliza, “Sasa mzee, nikishautoa huo ubao wote na kuweka mpya, nitasema nimefanya nini?” Nikamwambia utasema umeikarabati, mwanangu, na hakuna atakayekupinga. Ile mashua ya babu yako iliyoegeshwa pale chini ya mkungu, ambayo jua limeziachanisha mbao zake mpaka unaona mchanga upande wa pili, hiyo ndiyo ya kukalafati.