LPAR moja ya akiba si seva ya pili

"Kwa nini tununue seva mbili? Tuchukue moja kubwa yenye LPAR, tuigawe kwenye chuma chenyewe, upande mmoja uwe akiba." Wateja wa Mwanza wanalirudia hili kila bajeti ikikaribia, kuanzia viwanda vya minofu ya sangara hadi SACCOS. Wameambiwa mashine pepe (kompyuta inayoigizwa ndani ya nyingine) ni programu tu, partisheni (LPAR, sehemu ya seva inayofanya kazi kama seva kamili) ni chuma; basi chuma kikigawanywa, wanaona vimekuwa viwili.

Havijawa viwili. LPAR nayo inasimamiwa na programu. Kwenye meinfremu, kompyuta kubwa za IBM, programu hiyo inaitwa PR/SM, ilianza 1988 na mashine za 3090, na kwa kuwa imekaa ndani ya femwea (programu inayokuja na mashine) na hakuna anayeisakinisha, watu wanaidhani chuma. Ni haipavaiza, yaani programu ya kugawa mashine moja kwa mifumo mingi, kama nyingine. Tangu meinfremu ya z990 ya mwaka 2003 huwezi hata kuikwepa: ukiwa na mfumo mmoja tu, bado unaendeshwa ndani ya LPAR. Ukitaka mfano wa chuma kugawanywa kweli, tazama IBM 3084 iliyoweza kukatwa pande mbili, au Sun Enterprise 10000 ya 1997, ambapo kila kikoa (kipande cha mashine) kilipewa bodi zake za prosesa na memori.

Wapangaji wa nyumba moja Kirumba kila mmoja ana ufunguo wake, lakini luku ni moja. LPAR zako zinashiriki fremu, umeme na femwea. Radi za kanda hii ya ziwa haziulizi partisheni ipi ni ya akiba. Meinfremu huja na pawasaplai za ziada, ila fundi akizichomeka zote kwenye UPS moja, ziada hiyo imekwisha. Kila waya uende UPS yake, na kila UPS breka yake. Akiba ya kweli ni mashine ya pili kwenye jengo jingine, ikiwezekana linalolishwa na transfoma nyingine, na data yake isikae kwenye kabati la diski lilelile. Kama fedha ni ndogo, seva mbili za kawaida zinashinda moja ya fahari.

Tawi la dhana hiyohiyo: eti LPAR hazigombanii prosesa. Zinagombania, isipokuwa umezipa prosesa za peke yao. Chukua prosesa 10 za pamoja na LPAR tatu zenye uzito (namba inayopanga fungu la kila moja) wa 600, 300 na 100. Kazi ikibana kote, zinapata 6, 3 na 1. Nyingine zikipumzika, ile ya 100 inaweza kuvuka 1, mradi hujaiwekea kikomo na ina prosesa pepe (zile LPAR inazoziona kama zake) za kutosha. Hapa ndipo mafundi wanapoharibu: wanaipa prosesa pepe 8 "isibanwe". Saa ya msongamano, fungu lake la prosesa 1 linagawanywa kwa 8, kila moja inapata asilimia 12.5. Moja ikiondolewa huku imeshika kufuli la data ya pamoja, wenzake wanazunguka wakiisubiri na kula muda bure. HiperDispatch, iliyokuja na meinfremu ya z10 mwaka 2008, inapunguza balaa hilo kwa kukusanya kazi kwenye prosesa pepe chache, lakini haifuti mpangilio mbovu. Toa prosesa pepe sawa na fungu la LPAR, ongeza 1 au 2, basi.

"Mashine pepe ni polepole." Si hivyo. z/VM, haipavaiza ya IBM ya kuendesha mashine pepe, humkabidhi mgeni (mashine pepe) prosesa kwa amri ya SIE, na amri zake nyingi hukimbia moja kwa moja kwenye chuma. Kinachochelewesha ni uchoyo wa memori: seva ya GB 64, mashine pepe 5 za GB 16. Jumla ni 80. Mwisho wa mwezi wahasibu wanafunga hesabu, mizani ya kupokelea samaki nayo inaandika, kurasa za memori zinahamia diski, kila mtu analaumu mtandao. LPAR ya meinfremu hairuhusu mchezo huo. Memori uliyoipa ni yake, hata ikilala bure. Unalipia nafasi tupu, ila hushtukizwi.

"Lazima uchague kimoja." Nani kasema? z/VM yenyewe huendeshwa ndani ya LPAR. Hifadhidata nzito ipe LPAR yake. Seva ndogondogo za Linux na za majaribio zirundike chini ya z/VM kwenye LPAR nyingine.

"LPAR ina cheti, haidukuliwi." PR/SM ina EAL5+, daraja la ukaguzi wa usalama, kweli, na cheti hicho kinahusu utenganisho wa partisheni. Nenosiri la HMC, kompyuta ya kuisimamia meinfremu, likijulikana ofisi nzima, hakikusaidii kitu.

"Tuna snapshoti, bekapu ya nini?" Snapshoti, picha ya mashine pepe ilivyo kwa wakati fulani, inategemea diski ileile ya asili; diski ikifa, zinakufa pamoja. Tena inavimba kila data inapoandikwa, na hifadhi ikijaa mashine pepe zinasimama. Ichukue kabla ya kusasisha, hakiki kwamba mfumo umekaa sawa, kisha ifute ndani ya siku 3.