Stempu Yenye Kosa: Uliza Mashine Ilikosea Wapi

Mtu akiniletea stempu akidai ina kosa, swali langu la kwanza ni hili: kosa lilitokea katika hatua gani? Stempu hutiwa gundi, hupigwa rangi, hutobolewa matundu na kukatwa. Kama hatua iliyokosea haijulikani, usitoe pesa.

Tuanze na ya kwetu. Senti 5 ya Kenya, Uganda na Tanganyika ya 1935, ile yenye dau Ziwa Victoria, ina aina mbili. Fuata kamba mpaka inapokaribia tanga: katika aina ya kwanza hailigusi, katika ya pili inaligusa. Pengo lenyewe ni jembamba mno, na bila kioo kinachokuza mara 10 utalipita. Tofauti hii imo kwenye bati la kuchapia, ndiyo maana katalogi, vile vitabu vya orodha na bei za stempu, huzihesabu kuwa stempu mbili.

Kosa la bati hujirudia mahali palepale kwenye kila shiti, yaani karatasi nzima ya stempu ambazo hazijatenganishwa. Chembe ya vumbi iliyonasa kwenye bati huacha kiduara cheupe kwenye shiti chache, kisha hutoweka. Kiduara hicho kinapendeza kwenye albamu, lakini sioni sababu ya kukilipia bei ya katalogi.

Picha iliyopinduka huhitaji shiti kupita mashineni mara mbili. Ndivyo ilivyokuwa kwa ile ya senti 24 ya Marekani ya 1918: fremu nyekundu ilichapwa peke yake na eropleni ya buluu peke yake, shiti moja ikaingizwa kinyume. William Robey aliinunua shiti hiyo ya stempu 100 kwa dola 24. Rangi zote zikichapwa kwa mpito mmoja, moja haiwezi kupinduka peke yake.

Rangi iliyokosekana lazima ikosekane kabisa. Nukta moja ikionekana chini ya kioo, hiyo ni rangi hafifu tu. Hapa wauzaji wengi huumbuka, kwa sababu jua la dirishani au Jik huondoa rangi vizuri sana. Iweke kando ya stempu ya kawaida: rangi nyingine zikiwa zimefifia pia, chanzo ni jua. Chini ya taa ya urujuanimno (UV), karatasi iliyoguswa na kemikali mara nyingi hung'aa tofauti na mwenzake.

Udanganyifu mwingi uko kwenye meno, yaani kingo zinazoachwa na matundu. Mkasi tu unatosha kutengeneza stempu "isiyotobolewa". Pima stempu ya kawaida kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino upande wa pili; inayodaiwa kuwa na kosa ikiwa na upana huohuo au pungufu, huenda imepunguzwa. Mimi husisitiza jozi, stempu mbili zilizoungana bila tundu katikati. Hata hapo, iinamishe kwenye mwanga. Ukiona vibonyeo, sindano zilifika ila hazikupenya, na hilo ni jambo jingine la bei ndogo. Kipimo cha meno ni idadi ya matundu katika sentimita 2. Usikadirie kwa jicho, kwani 13 na 14 hufanana.

Kuona alama ya maji, yaani chapa iliyofichwa ndani ya karatasi yenyewe, laza stempu kifudifudi kwenye kisahani cheusi na udondoshee petroli ya kujazia viberiti vya mafuta, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali. Stempu za fotogravya, zile zilizochapwa kwa vishimo vidogo vya wino, usizitie, kwani baadhi ya wino wake huyeyuka.

Mvua za Machi hadi Mei hapa Nairobi huharibu gundi kuliko mikono. Simamisha albamu wima, weka vifuko vya silika vya kufyonza unyevu kabatini, na epuka mifuko ya plastiki ya PVC. Stempu iliyo kwenye bahasha yenye muhuri wa posta iache hapohapo ilipo, usiibandue. Tarehe ya muhuri ni ushahidi.

Ukikuta kosa kwenye kaunta, pale GPO Kenyatta Avenue au posta nyingine yoyote, usichukue iliyokosewa peke yake. Nunua na majirani zake, pamoja na ukingo wa shiti wenye nukta za rangi. Matundu yakihama hatua kwa hatua kutoka stempu moja hadi nyingine, utaona karatasi ilivyoteleza, na mnunuzi wa kesho ataona hivyohivyo.