Barua haisemi kwamba hakuua

Juzi baada ya sala ya alasiri, jirani yangu, mzee wa umri wa baba yangu, alinikuta barazani naandika barua kwa Mkuu wa Mahakama wa Iran, kuwaombea wafungwa waliohukumiwa kifo. Akavua miwani. "Hebu nambie, mwanangu. Hao unaowaombea unawajua? Una hakika gani kama hawakuua?"

Nikamwambia sina hakika, na barua yangu haisemi kwamba hawakuua.

Mimi ni wakili, kesi za jinai ndiyo kazi yangu, Unguja na Pemba. Kila nikisema kwamba nawaandikia barua wafungwa wa makabila ya wachache wanaosubiri kunyongwa (Waarabu wa Ahvaz, mji wa kusini-magharibi mwa Iran, na Wakurdi, na Wabulushi), swali huwa lilelile la mzee. Watu hudhani tunaomba mtu afunguliwe mlango aende zake. Tunachouliza ni namna alivyohukumiwa. Alikuwa na wakili, na wakili huyo alichaguliwa na nani? Alifahamu alichosomewa? Na yale maelezo ya kukiri kosa, aliyatoa wapi, mbele ya nani, baada ya siku ngapi bila kuonana na mtu?

Nianze na lugha, maana watu huipuuza. Katika mahakama moja Pemba, kijana wa shamba alikuwa anaeleza ugomvi uliotokea kwao. "Mie nlimgwia tu," akasema. Kwa Kipemba kugwia ni kushika, na yeye alikuwa akiamua ugomvi. Kumbukumbu za kesi zilikuwa zinaandikwa kwa Kiingereza, na mwandishi hakuwa mtu wa Pemba. Nilipopata nakala nikakuta mteja wangu "alimvamia" mlalamikaji. Ilinichukua asubuhi nzima kulirudisha neno moja mahali pake. Na hiyo ilikuwa kesi ya kujeruhi tu, chumba kizima kinasema Kiswahili, mshitakiwa ana wakili.

Sasa mtie hapo Mbulushi wa Zahedan, mji wao kusini-mashariki mwa Iran, kesi inaendeshwa kwa Kifarsi, na mwisho wake ni kitanzi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Iran iliuridhia mwaka 1975, unasema katika ibara ya 14 kwamba mshitakiwa aelezwe shitaka kwa lugha anayoifahamu, apewe mkalimani bila malipo, asilazimishwe kukiri, na kesi yake ipitiwe na mahakama ya juu. Katiba ya Iran yenyewe, ibara ya 38, inakataza kumtesa mtu ili akiri. Kwa hiyo barua zetu hazipeleki sheria za kigeni. Tunawakumbusha walichokitia saini na walichokiandika wenyewe.

Mfano ninaoutumia sana ni wa Hashem Shabani, Mwarabu wa Ahvaz, mshairi na mwalimu wa Kiarabu, na mwenzake Hadi Rashedi. Walikuwa katika kikundi cha utamaduni kilichoitwa Al-Hiwar. Walikamatwa mwaka 2011, wakaonyeshwa kwenye televisheni wakikiri makosa kabla hawajahukumiwa, kisha mwaka 2012 mahakama ya mapinduzi, ile ya kesi za usalama wa nchi, ikawahukumu kifo kwa kosa la kumpiga vita Mungu. Januari 2014 wakanyongwa. Familia zikaarifiwa baadaye, kwa jambo lililokwishapita.

Mwaka 2023, kwa hesabu za shirika la haki za binadamu la Amnesty International, Iran iliwanyonga watu wasiopungua 853, zaidi ya nusu yao kwa makosa ya dawa za kulevya. Wabulushi, ambao ni kama asilimia 5 ya wananchi, walikuwa asilimia 20 ya walionyongwa. Na Mabulushi sisi Unguja si wageni kwetu. Mababu zao walikuja hapa askari wa Sultani, na wajukuu tunazikana nao.

Mzee akaniuliza mambo ya Iran yanatuhusu nini. Nikamuuliza yeye: kesi ya uhaini baada ya kuuawa Mzee Karume, Aprili 1972, washitakiwa walikuwa na mawakili? Akanyamaza. Anajua, maana alikuwa kijana wakati ule. Mahakama za wananchi hazikuruhusu mawakili. Abdulrahman Babu, aliyewahi kuwa waziri, alihukumiwa kifo mwaka 1974 naye hayupo mahakamani, yuko jela Bara, kwa sababu Nyerere alikataa kumleta Zanzibar. Alitoka mwaka 1978. Angeletwa, sijui leo tungekuwa tunasimulia nini.

Tena wale 18 wa CUF, chama cha upinzani, waliokaa rumande zaidi ya miaka miwili kwa shitaka la uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Novemba 2000 Mahakama ya Rufani ikasema uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar, kwa kuwa si dola kamili. Hoja ile ya sheria ilihitaji wakili wa kuisimamisha.

Ukitaka kuandika, andika ukurasa mmoja. Taja jina lake na la baba yake, mji, mahakama, na tarehe ya hukumu kama unayo. Usitukane serikali, usihubiri. Omba hukumu isimamishwe, kesi isikilizwe upya bila maelezo yaliyotolewa kwa mateso, awe na wakili aliyemchagua mwenyewe. Kabla ya kutaja jina lolote hadharani hakikisha familia imeridhia, maana wao ndio watakaogongewa mlango usiku. Nakala ipeleke ubalozi wao Dar es Salaam.

Mzee aliisoma yangu mpaka chini, kisha akaniambia mstari wa tatu una maneno makali. Nimeufuta.