Uliza ampea kabla ya kuuliza gigabaiti

Wenye kompyuta ndogo za bodi moja nyumbani, hasa Raspberry Pi, hutuuliza sana katika kitengo chetu cha teknolojia hapa Kisumu: ninunue diski ya nje ya GB ngapi? Ningeomba waanze na swali jingine. Diski hiyo inakula umeme kiasi gani, na kompyuta yenyewe inaweza kuumudu?

Raspberry Pi 4 ina ampea (kipimo cha mkondo wa umeme) 1.2 tu za kugawia matundu yake yote manne ya USB. Raspberry Pi 5 hutoa ampea 1.6 ikiwa na chaja ya volti 5, ampea 5. Ukiipa chaja ya ampea 3, kiwango hicho hushuka hadi 0.6. Sasa chomeka diski ya kuzunguka ya inchi 2.5. Ikishatulia haina makuu, lakini inapoanza tu kuzunguka inaweza kudai karibu ampea nzima. Umeme usipotosha, diski hukatika katikati ya kuandika na faili zikaharibika. Mtu huilaumu diski, akanunua nyingine, na shida ikabaki palepale. Zile za inchi 3.5 zinahitaji adapta yake ya volti 12, hivyo ziache.

Mimi napendekeza SSD (diski ya chipu) ya aina ya SATA ndani ya kasha la USB. Haina kinachozunguka, na kwa kawaida hutumia wati chache tu. NVMe, aina nyingine ya SSD, ina kasi zaidi, ila nyingi hula umeme mwingi na hupata joto. Kwa familia ya Nyakach inayotegemea sola, hilo si jambo dogo: wati 3 za ziada mchana na usiku ni wati-saa 72, karibu ampea-saa 6 kutoka betri ya volti 12.

Kadi ya memori itumie kuwashia mashine. Kuiandikia kila saa huichosha, na stima ikipotea ghafla inaweza kugoma kuwaka kabisa. SSD nayo haina kinga kamili, kwa hiyo iandae kwa mfumo wa kupanga faili wa ext4 badala ya FAT32, kisha tafuta UPS ndogo, yaani betri ya akiba inayoshika stima ikipotea. Soma vizuri tundu lake la volti 5: nyingi zinazouzwa kwa ajili ya ruta hutoa ampea 2, ilhali Pi 4 inataka 3.

Tahadhari na flashi ya TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Huwa imedanganywa ndani itangaze nafasi isiyokuwepo, na faili zinazozidi nafasi halisi hupotea kimyakimya. Ijaze yote kwa programu ya F3 kwenye Linux, au H2testw kwenye Windows, siku ileile risiti ikiwa mkononi.

Kama una diski ya zamani ya kuzunguka iliyo nzima, usiitupe. Inafaa kwa nakala ya pili, maana SSD ikikaa miaka bila umeme inaweza kupoteza data. Ichomeke kupitia habu ya USB (kigawanya matundu) yenye adapta yake, nakili, iondoe kwa utaratibu, kisha iweke nyumba nyingine.