Si kila hasara ya mtandaoni ni kudukuliwa

Fedha za kampuni zikipotea kupitia mtandao, mtu wa kwanza kuitwa ajieleze huwa ni mtaalamu wa TEHAMA. Menejimenti inakuwa imekwisha kuamua kwamba "tumedukuliwa" kabla hata ya mtu kuifungua na kuisoma barua pepe iliyoleta balaa. Nimelisikia neno hilo likitumiwa hivyo mara nyingi mno, tena na watu waliokabidhiwa dhamana ya kulinda fedha za wengine, na kosa hilo lina gharama.

Kudukua ni kuingia katika kompyuta, akaunti au mfumo wa mtu bila idhini yake, ama kwa kupitia kasoro ya programu, ama kwa nywila iliyoibwa, ama kwa programu hasidi. WannaCry, programu hasidi iliyosambaa Mei 2017 na kuvuruga hospitali za Uingereza, ni mfano halisi, kwa kuwa ilipenya kwenye kasoro ya Windows ambayo Microsoft ilikuwa imeitolea marekebisho tangu Machi mwaka huo. Asiyeingia popote hajadukua.

Sasa mtazameni Evaldas Rimasauskas, raia wa Lithuania, ambaye kati ya 2013 na 2015 alijipatia zaidi ya dola milioni 100 kutoka Google na Facebook. Alisajili Latvia kampuni yenye jina lile lile la Quanta Computer, kampuni ya Taiwan iliyokuwa ikiziuzia vifaa, akafungua akaunti za benki kwa jina hilo, kisha zikatumwa ankara na mikataba ya kughushi. Waliopokea walilipa. Mwaka 2019, mbele ya mahakama ya New York, alikiri kosa la ulaghai kwa njia ya mawasiliano, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Ikiwa kampuni zenye wahandisi wa kiwango hicho zililipa, antivairasi ya muuza vifaa vya ujenzi wa Kariakoo ingemzuia mtu kama huyo kwa njia gani?

Barua ya aina hii inafaa isomwe kwa makini. Inamtaja msambazaji mnayemfahamu na mzigo mliouagiza kweli, halafu chini kabisa inaeleza kwamba akaunti ya benki imebadilishwa kwa sababu ya ukaguzi wa hesabu, hivyo malipo ya awamu hii yaelekezwe kwenye akaunti mpya. Katika anwani ya mtumaji, mahali pa herufi "m" pamewekwa "r" na "n" zikiwa zimebanana, na kwenye skrini ya simu si rahisi jicho kuzitofautisha. Mhasibu analipa kwa mkono wake na kwa nywila yake halali, na benki inatekeleza agizo la mteja wake. Mfumo umefanya kazi yake barabara. Aliyedanganywa ni mtu.

Kuna nyakati ambapo kudukua na kutapeli huungana, na hapo ndipo umakini unapohitajika zaidi. Tapeli anaweza kuwa ameingia kwanza katika akaunti ya barua pepe ya msambazaji, akaweka maelekezo ya kumtumia nakala ya kila barua yenye neno "ankara", akasubiri mpaka siku ya malipo ikaribie. Hapo msambazaji amedukuliwa na mnunuzi ametapeliwa. Mnunuzi akibadilisha nywila zote za ofisini kwake atakuwa ameziba tundu lisilo lake. Kinga yake iko kwenye idara ya uhasibu: kila badiliko la akaunti lithibitishwe kwa kumpigia msambazaji kwa namba iliyo kwenye mkataba wa zamani, kamwe si ile iliyoandikwa kwenye barua yenyewe, na malipo makubwa yaidhinishwe na watu wawili.

Neno "kudukuliwa" lilitumika kwa wingi pia Julai 2023, huduma za eCitizen, tovuti ya Serikali ya Kenya ya kuwahudumia wananchi, zilipokwama baada ya kundi lililojiita Anonymous Sudan kuzishambulia. Shambulio la aina ile huielemea tovuti kwa maombi mengi kupita uwezo wake hadi ishindwe kuwahudumia wananchi, na Serikali ilieleza kwamba hakuna data iliyopotea. Usumbufu ulikuwa mkubwa, lakini kuzidiwa kwa mlango ni tofauti na kuibiwa nyaraka za ndani.

Tofauti hii ina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamtaka mwenye kuhifadhi taarifa binafsi amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu afahamu kwamba zimefikiwa na asiyeruhusiwa, ikiwa wahusika wanaweza kudhurika. Nayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inatenganisha kosa la kuingia kwenye mfumo isivyo halali na kosa la ulaghai unaohusu kompyuta.

Naelewa kwa nini wengi hulikimbilia neno "tumedukuliwa": halimnyooshei kidole mtu yeyote wa ofisini. Hata hivyo, mhasibu aliyedanganywa kwa ustadi hastahili kudhihakiwa, wala mtaalamu wa TEHAMA hastahili kubebeshwa lawama ya malipo ambayo hakuyaidhinisha. Ikiwa hakuna aliyeingia kwenye mfumo wenu, taarifa iandikwe kwamba kampuni imetapeliwa, benki ijulishwe saa hiyo hiyo ijaribu kuzuia fedha, na utaratibu wa kupitisha malipo ndio uanze kukaguliwa.