Risiti ya kanjo haibebi oili chafu

Mwezi uliopita nilionyeshwa risiti tena. Safari hii ilikuwa kwenye gereji moja ya Nairobi, karibu na Barabara ya Kirinyaga, kule ambako wengi bado wanaita Grogan. Nilikuwa nimeuliza swali moja tu: "Mzee, hii oili chafu huenda wapi?" Mwenye gereji alifuta mikono, akaingia ofisini, akarudi na kibali cha biashara kilichotiwa kwenye fremu, na nyuma ya fremu risiti ya malipo ya taka kwa serikali ya kaunti, ile tunayoiita kanjo mtaani.

"Madam, si nimelipia kanjo? Hata taka iko hapo ndani. Soma."

Nilisoma. Jina lilikuwa sawa, namba ya ploti sawa, mwaka sawa. Nyuma ya mlango wa ofisi hiyo hiyo palikuwa na dramu mbili za oili, moja imejaa hadi mdomoni, na kando yake betri kuukuu saba zimepangwa kwenye udongo mtupu. Risiti ile haikuhusu hata kimoja kati ya vitu hivyo.

Nimefanya ukaguzi wa mazingira Nairobi kwa miaka 14. Jibu hilo nimepewa na wachapishaji wa River Road, na mama mwenye draiklina, na daktari wa meno mwenye kliniki ya vyumba viwili, na fundi wa kuchovya vyuma kule Kariobangi. Ni watu waaminifu, wanalipa kwa wakati. Wanaamini kwamba ukishalipa kaunti pesa ya taka, taka zako zote zimehama mikononi mwako, hata zile za sumu. Hazijahama. Nimechoka kulieleza jambo hili nikiwa nimesimama kwenye mtaro, kwa hiyo leo naliandika.

Kibali cha biashara hakihitaji maneno mengi. Kinakuruhusu kufanya biashara fulani mahali fulani. Kaunti imeunganisha vibali kadhaa, cha zimamoto, cha afya, cha bango, vikawa kimoja, na hilo limewapunguzia watu foleni. Tatizo ni kwamba mtu akiona karatasi moja iliyobeba mambo mengi anaona kama imebeba yote. Leseni za NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, hazimo humo. Hazikuwahi kuwamo.

Malipo yenyewe ndiyo yanayonikera, na hapo nitakaa. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema "nimelipa kanjo" na tumemaliza. Baraza la Jiji lilikoma 2013 ugatuzi ulipoanza, jina likabaki, na pamoja na jina ikabaki dhana kwamba pesa zote zinazokwenda kule ni kitu kimoja. Kuna kodi, kama ile ya ardhi, ambayo ukiilipa hudai chochote mahususi. Kuna ada ya leseni, unayolipa ili uruhusiwe. Halafu kuna malipo ya huduma, unayolipa ili ufanyiwe kazi fulani. Kifungu cha 209 cha Katiba kinataja kodi ambazo kaunti inaweza kutoza, kisha kikaongeza kwamba serikali ya taifa na za kaunti zinaweza kutoza malipo kwa huduma zinazotoa. Soma polepole: huduma zinazotoa. Kifungu cha 210 nacho kinakataza kodi au ada ya leseni isiyokuwa na sheria nyuma yake. Ndiyo maana bunge la kaunti hupitisha Sheria ya Fedha, na viwango unavyotozwa vimo humo, aina moja ya biashara baada ya nyingine. Ukitaka kujua umelipia nini, fungua sheria hiyo. Usiulize askari wa kanjo mlangoni.

Sasa huduma ambayo kaunti inatoa ni ipi? Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti uzoaji wa taka, majaa, na utupaji wa taka ngumu. Maganda, karatasi, mabaki ya chakula, takataka za kufagia. Hicho ndicho ulichonunua. Oili ya injini haimo, asidi ya betri haimo, sindano za kliniki hazimo, thina iliyooshea brashi haimo. Ukiviweka ndani ya gunia la kawaida na lori likalichukua, bado hujapata huduma ya taka hatari. Umezificha tu ndani ya huduma nyingine, na aliyebeba gunia hilo begani hakuambiwa.

Tazama pia jinsi ada zinavyopangwa. Kibali hupimwa kwa aina ya biashara na ukubwa wake. Duka kubwa la vitambaa linaweza kulipa zaidi ya karakana ndogo yenye beseni la asidi na kromiamu. Kama ada hiyo ingekuwa bei ya kuondoa sumu, mpangilio huo ungekuwa wazimu. Si wazimu, kwa sababu haikuwekwa kwa kazi hiyo.

Na tuseme lori limechukua. Linakwenda Dandora. Jaa lile lilifunguliwa 1975 kwenye machimbo ya mawe, likatangazwa kujaa 2001, na hadi leo malori yanaingia. Uchunguzi uliofadhiliwa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, mwaka wa 2007 ulipima watoto 328 wa eneo hilo, na karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kufikia au kupita kiwango kilichokuwa kikikubalika kimataifa wakati huo. Risasi haipungui kwa kuoza. Inakaa kwenye vumbi, na mtoto anayecheza chini huitia mdomoni. Mtu anaponiambia "kanjo wanajua pa kupeleka," ninawafikiria watoto hao, na sauti yangu hupanda. Naomba radhi kwa wale niliowapandishia sauti, ila ninaomba pia wanielewe.

Mzigo wa taka hatari unashikwa na nani, basi? Na wewe uliyezizalisha. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 na Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2006 ziliweka jambo hili bila kuzunguka: anayezalisha taka ana wajibu wa kuhakikisha zinakabidhiwa kwa mtu mwenye leseni ya kuzisafirisha, azipeleke mahali penye leseni ya kuzipokea. Jedwali la Nne la kanuni hizo liliorodhesha taka zinazohesabiwa kuwa hatari. (Ndiyo, majedwali mawili yana namba moja, moja la Katiba na moja la kanuni. Usiyachanganye.) Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imeongeza utenganishaji pale taka zinapozaliwa, na kwa kampuni, mpango wa miaka mitatu pamoja na ripoti ya kila mwaka kwa NEMA.

Karatasi ninayoitafuta mimi, basi, ni hati ya kufuatilia taka. Inasema ni taka gani, kiasi gani, zimetoka kwa nani, zimebebwa na nani, zimepokelewa na nani. Sahihi tatu. Mzalishaji anatia yake, msafirishaji yake, na mpokeaji yake mzigo unapofika. Watu wengi wananionyesha karatasi yenye sahihi mbili na kutabasamu. Sahihi mbili zinathibitisha kwamba taka zimeondoka kwako. Kama zimefika ni ile ya tatu ndiyo inayosema. Kati ya Industrial Area na popote zinapodaiwa kwenda kuna mitaro mingi, na Mto Ngong unapita papo hapo.

Kuna cheti cha uteketezaji ambacho sitakisahau. Mteja alinikabidhi kwa fahari kabisa, karatasi nzito, mhuri wa rangi mbili. Tarehe ya uteketezaji ilitangulia tarehe ya kuchukuliwa kwa taka kwa siku mbili. Mteja alikuwa amelipa pesa nzuri. Aliuziwa mbuzi kwenye gunia, na kwa kuwa wajibu ni wake, mbuzi huyo angemrudia yeye.

Kama unaona natia chumvi, soma kesi ya Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa. Mtambo wa kuyeyusha betri ulianza kazi huko mwaka wa 2007 na ukafungwa 2014. Wakazi walikwenda mahakamani wakiongozwa na mwanaharakati Phyllis Omido. Mwaka wa 2020 walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaiondoa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Waliowajibishwa ni pamoja na NEMA yenyewe. Kama msimamizi hakunusurika kwa kuwa na ofisi na mihuri, fikiria fremu yako ya ukutani itakusaidia kwa kiasi gani.

Mambo madogo, kwa haraka. Kitambaa kilichofuta oili ni taka hatari pia. Vumbi la mbao ulilomwaga juu ya oili nalo ni hivyo. Kichujio cha oili kinashika oili ndani yake, kiache kichuruzike kwenye dramu usiku kucha kabla ya kukiweka kando. Mkebe wa thina si mtupu kwa sababu umeugeuza chini juu. Ukichanganya lita moja ya thina na gunia zima la takataka, hujaipunguza thina, umelizidisha gunia. Daktari, zebaki ya kujazia meno haioshwi kwenye sinki. Na kila chombo kiandikwe kilichomo, jina lako na onyo, kwa maandishi yanayosomeka, kwa sababu anayekuja kukihamisha hakuwapo ulipokijaza.

Sinki lenyewe linahitaji sentensi zaidi. Maji machafu ya jiji yanayofika Ruai husafishwa kwenye mabwawa, na kazi kubwa hufanywa na bakteria na mwani. Ukiwapelekea viyeyushi na asidi unawaua wafanyakazi hao. Ukiwapelekea risasi hawana cha kuifanya, inatulia kwenye tope. Mfereji wa maji ya mvua hauna hata bwawa. Unakwenda mtoni moja kwa moja, mto unaungana na Athi, na Athi ndiyo inayofika bahari kaskazini mwa Malindi ikiitwa Sabaki. Huko njiani kuna watu wanaokunywa na kumwagilia.

Sasa niseme yanayonisumbua, maana si haki kumkaripia mwenye gereji na kunyamazia mengine.

Sheria inamwambia aite msafirishaji mwenye leseni. Ameshaita. Aliambiwa kwamba kwa dramu mbili lori haliji, na akilazimisha atalipia safari nzima. Mfanyabiashara mkubwa ana mkataba, mdogo ana namba ya simu isiyopokelewa. Nairobi ingekuwa na vituo ambako mtu wa gereji anafikisha mtungi wa lita 20 kwa mkokoteni na kupewa hati yake, nusu ya ukali wangu ingeisha. Nikiwa peke yangu najiuliza kama tunamwadhibu mtu kwa kukosa mlango ambao haujajengwa.

Halafu oili chafu ina bei. Wapo wanaoinunua, kupaka nguzo za uzio zisiliwe na mchwa, kuchoma kwenye tanuri za kuyeyusha vyuma. Mwenye gereji anauliza, kwa haki, kitu kinachonunuliwa kinakuwaje taka? Kanuni zina jibu, nami hulitoa: kuuza hakubadilishi kilichomo. Lakini jibu hilo halishindani na noti mkononi, na ninalijua hilo kila ninapolitoa. Tanuri la saruji lenye joto la kutosha na leseni linaweza kuichoma oili hiyo vizuri. Tanuri la mtaani linarusha metali juu ya paa za majirani. Mnunuzi hatofautishi kwa kulipa zaidi.

Na kuna wenzangu wanaotaka kaunti itoze ada kwa kila lita ya taka hatari. Kwa miaka nilikuwa upande wao, nikiona ndiyo njia ya haki: anayechafua zaidi alipe zaidi. Siku hizi nasitasita. Ukimtoza mtu kwa lita anazokuonyesha, unamfundisha kutokuonyesha, na mtaro hautozi. Naelekea kudhani ni bora pesa hiyo ilipwe mapema, oili ikiuzwa mpya, kisha irudishwe kwa anayeleta iliyochakaa. Kwa betri jambo hilo tayari linafanya kazi kwa kiasi, kwa sababu risasi ina soko, ingawa wanunuzi wengi humwaga asidi kwanza ili wapunguze uzito wa kubeba. Sina hakika mpango wa kurudisha pesa ungestahimili ujanja wa Nairobi. Nina hakika zaidi kwamba ada ya lita ingejaza mto.

Mzee wa Grogan alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa madam, nifanye nini kesho asubuhi? Sio mwaka ujao." Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu. Betri tuliziinua zikakaa juu ya mbao na trei ya plastiki chini. Dramu zikapata vifuniko na maandishi. Akazungumza na majirani wanne wa gereji, wakakubaliana kuweka oili mahali pamoja penye sakafu ya saruji, na mzigo ulipofika dramu tisa msafirishaji alikubali kuja bila kubembelezwa. Leseni yake nilithibitisha mwenyewe kabla hajapakia.

Lori lilikuja Alhamisi. Hati zina sahihi ya mzee na ya dereva. Sahihi ya mpokeaji haijarudi, na leo ni siku ya tano. Kesho saa mbili asubuhi tunapiga simu, mzee akiwa kando yangu, asikie mwenyewe watakachosema.